Makisio ya Choo cha Chini

Bwana Pritchard amekuja na futikamba ya chuma,
penseli sikioni, viatu kavivua mlangoni bila kuambiwa.
Anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole
kama daktari agongavyo mgongo wa mgonjwa,
anasikiliza, anakunja uso,
anaandika.
Kila akiandika mimi namwangalia Makame,
na Makame anaangalia dari.

Tunataka choo cha chini. Basi.
Choo, sinki, na bomba la mvua lenye kiti chini yake,
pale uvunguni mwa ngazi tunapoweka miavuli na pasi,
kwa sababu Bi Mize anawasili Aprili
na magoti yake hayana habari na vidato kumi na vitatu.

Nje, Coventry inanyesha mvua yake ile isiyo na nia.

Kuvunja sakafu, pauni mia nne.
Mabomba, elfu moja na mia mbili,
"kama," asema, "yaliyopo ni ya shaba.
Kama ni ya risasi, tutazungumza."
Vigae: inategemea.
Fundi wa umeme: inategemea.
Leo nimejifunza kwamba "inategemea"
ni namba, na haina mwisho.
Kisha asilimia kumi ya yasiyojulikana.
Nikamuuliza, yasiyojulikana yamejulikanaje kuwa ni kumi?
Akacheka, akakuna kisogo,
akafanya kumi na tano.

Wahenga walitutisha kwa ufa na ukuta.
Hawakututajia bei ya plasta,
wala pipa la kifusi linalokodiwa kwa wiki,
wala serikali, ambayo kwa kila tano unazolipa
imekaa pembeni inadai ya sita.

Nimegeuza bahasha ya bili ya gesi,
nahesabu mgongoni mwake:
zamu ngapi za usiku kwa choo,
ngapi kwa sinki. Mlango peke yake ni Jumapili mbili.
Kiti cha kuogea, mguu mmoja tu wa kiti,
ni usiku mzima wa kuwageuza wazee wa watu wengine
kitanda hadi kitanda, wasitoke vidonda.
Hilo sikuliandika.

Makame anasema tungoje mwakani.
Anasema kwa fedha hizi, kule kwetu,
ungepata vyumba viwili na baraza.
Najua. Lakini mama yako hataamka usiku kule.
Ataamka hapa.

Bwana Pritchard akaomba ruhusa
abandue kipande cha karatasi ya ukutani, aone kama pana unyevu.
Ikatoka ya maua. Ikatoka ya mistari.
Ikatoka ya kahawia, rangi ya chai iliyolala,
na chini yake, juu ya plasta tupu, mwandiko wa penseli:

*roli saba kwa shilingi tisa — sitini na tatu*
imekatwa mstari
*roli saba kwa sita — arubaini na mbili*

Shilingi! nikasema, kwa sauti.
"Pesa za babu," akasema yeye, akapangusa vumbi.
Neno nililotumwa nalo dukani, limefungwa pembeni mwa leso,
kumbe lilinitangulia ndani ya nyumba hii.
Mtu alisimama hapa, katika ubaridi huu huu,
akaipenda ya tisa,
akapiga hesabu, akameza mate,
akachukua ya sita.
Huenda mkewe alikuwa anaangalia dari.

Nikaazima penseli.
Chini ya zile arubaini na mbili
nikaandika jumla ya Bwana Pritchard, yote, hadi peni,
nikaikata mstari.
Vigae viwe vile vyeupe vya bei ya chini.
Mlango tutatundika pazia.
Sinki, hata lenye ufa, mradi halivuji.
Kiti kibaki.

Makame akashusha macho kutoka darini,
akashika ncha ya pili ya futikamba.